Bango la Bendera Juu ya Chakula cha Ijumaa

Ijumaa moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiwaona ninyi vijana mkirushiana maneno kwenye simu kuhusu mambo ya nyumbani, natamani kuwaketisha niwasimulie.

Ndevu zangu zilikuwa bado nyeusi. Tulikaa pamoja ughaibuni, mtaa wa Al Qusais, katika nyumba iliyokodishwa kwa jina la Mzee Kombo, dereva wa ghala, mtu wa makamo aliyetuswalisha na kutupatanisha. Siku hizo kwetu kulikuwa na ubishi mkali: bendera ya taifa ibadilishwe au ibaki. Nchi yenyewe siitaji, maana wapo walio hai ambao jambo hilo bado linawauma.

Mwenzetu Athumani alikuwa mchoraji katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Yeye alitaka bendera mpya, na wenzake wa upande huo wakamwomba achore bango la kuwashawishi watu wetu wa huku. Mkono wake ulikuwa hodari, Mungu alimjalia. Akaichora bendera yetu imefungwa kwenye mpini wa kudekia, imechovywa ndani ya ndoo ya maji machafu, na chini yake maneno: Tambara hili limetosha. Wenzake walicheka hadi machozi.

Sasa, kiwandani kwao karatasi zilizoharibika hazikutupwa. Athumani alizileta nyumbani, nasi tulizitandika chini ya sinia siku ya Ijumaa. Siku hiyo tuliwahi kurudi kutoka msikitini, njaa inatuuma, naye akatandika bila kuangalia alizozikuta juu ya mzigo. Zilikuwa nakala zilizoharibika za bango lile, alilolichapa kiwandani. Tukaweka biriani katikati, tukaanza kula.

Mzee Kombo akaingia na mgeni wake, Jabir, kijana aliyeipenda bendera ya zamani kwa hasira. Na hapa ujue jambo ambalo sote mle ndani tulilijua: ndugu yake Mzee Kombo alikuwa askari, na alirudishwa kwa mama yake ndani ya jeneza lililofunikwa bendera ile.

Mikono yetu ikakwama kwenye wali.

Jabir alitoa simu, akapiga picha ya bango, ya mchuzi juu yake, na ya uso wa Athumani. Akasema anaipeleka polisi. "Nchi hii bendera si ya kuchezea, yako wala ya mwenzio. Kafeel wako aliyekudhamini viza akisikia tu neno polisi, khalas, umekwisha, uko kwenye ndege."

Mke wa Athumani alikuwa amekwisha kupata viza, anatarajiwa baada ya Idi.

Mzee Kombo aliinama, akaliinua sinia mwenyewe, akaliweka kwenye mkeka. Akaokota karatasi moja moja, akafuta punje za wali kwa kiganja, akazikunja. Ndipo akauliza, "Athumani, hili bango umemchorea nani?"

"Watu wetu, mzee. Kuwashawishi."

"Wanaotaka bendera mpya wanahitaji kushawishiwa?"

Mzee akajigusa kifua.

"Wa kushawishiwa ni mimi. Nipo hapa, nimevua viatu, nina njaa. Haya, nishawishi."

Jabir akaingilia, akasema mtu kama huyu hafundishwi, hushtakiwa.

"Basi twende sote," akasema Mzee Kombo. "Nyumba ina jina langu. Nitawaambia zilitandikwa kwangu."

"Unamtetea aliyekula chakula juu ya sanda ya ndugu yako?"

"Ndugu yangu yuko kwa Mola wake, hapunguzwi na karatasi. Wewe unataka kuilinda bendera, au unataka kumwona Athumani uwanja wa ndege?"

Jabir alisimama, kidole juu ya kioo cha simu. Kiyoyozi kilinguruma. Mimi nilikuwa nikisoma dua moyoni na hata maneno yake yalinipotea.

"Futa, mwanangu," Mzee Kombo akamwambia taratibu. "Halafu tule."

Alifuta. Akamwonyesha mzee simu, kisha akaketi pembeni. Tulikula, lakini sikumbuki ladha.

Wiki ile Athumani alilichora bango upya. Safari hii bendera ilikuwa imekunjwa vizuri, imelala kwenye mapaja ya mama mzee, na chini yake: Waliofunikwa nayo tutawaheshimu daima. Watakaozaliwa tuwape ipi? Alimpelekea Mzee Kombo kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee alilisoma hadi mwisho.

"Sikubaliani nawe," akasema. "Ila sasa naweza kukukatalia bila kukasirika. Libandike."

Mwanangu, Nabii Musa alitumwa kwa Firauni, na Firauni unamjua, bado akaamrishwa aseme naye kwa upole. Wewe ni nani hata umtukane jirani unayekula naye sinia moja? Ukitaka kubadili jambo, chora, andika, sema, Mungu hakukupa akili uifungie. Lakini kabla hujalitoa, mtafute yule ambaye litamuuma, ulitazame kwa macho yake. Na ukiudhiwa wewe, usikimbilie kumvunjia mtu riziki kwa jina la unachokipenda.

Mola akulainishie ulimi, akupanulie kifua, na akurudishe kwenu salama ukiwa na watu wa kukupokea. Amin.