Antena ya Nyuma ya Nyumba

Mama yake Wembe alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, dunia yake yote ilipungua ikabaki kitanda, dirisha na televisheni. Dirisha lilitazama ukuta wa ghala. Televisheni nayo haikuwa na msaada, kwa sababu ghala hilo hilo, refu na pana, lilikuwa limejisimika katikati ya nyumba yao na mnara wa matangazo. Antena ndogo ya ndani ilijaribiwa juu ya kabati, ikahamishiwa dirishani, ikatundikwa kwenye msumari wa kalenda, lakini yakawa yale yale. Mtangazaji wa habari anaanza vizuri, "Ndugu mtazamaji," mara uso unakatika vipande vipande, anaganda kinywa wazi kama aliyekanyaga nyoka, na maandishi yanatokea: hakuna mawimbi.

"Huyu kila siku anakufa kabla hajamaliza neno," Mama alikuwa akisema, na kucheka peke yake.

Wembe alikuwa kinyozi. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo, hata waliokuwa wamesoma naye. Mkewe alikwishaenda zake siku nyingi, na mtoto hawakujaliwa, kwa hiyo yeye ndiye aliyemwosha mama, akamgeuza ubavu, akamnywesha uji asubuhi kabla ya kufungua kibanda, akarudi mchana kumbadilisha shuka. Kazi hiyo aliifanya bila kununa. Kilichomshinda ni kuingia mchana na kumkuta mama amekodolea macho ule ukuta wa ghala, kimya, kama mtu aliyesahaulika kituoni.

"Mwanangu, siombi makubwa," Mama alimwambia siku moja. "Nataka tu niwaone watu wakimaliza kusema wanachosema."

Wembe akalipeleka jambo hilo kwa mdogo wake, fundi wa mabomba aliyekaa mtaa wa pili na mkewe na watoto. Yeye watu walimwita Bomba, kwa kazi yake na kwa vile alivyopenda kuvaa akapendeza hata siku za kuzibua vyoo. Bomba alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kusema amechoka. Ukimsalimia, amechoka. Ukimkaribisha kiti, anakaa kwa sababu amechoka. Na hapo hapo ndiye wa kwanza kunyanyua ukimwambia kuna mzigo.

"Antena ya nje, kaka," alisema. "Ile ya juu ya paa. Hiki kidude cha ndani ni pambo. Kanunue, mimi nitapanda. Nimechoka, lakini nitapanda."

Wakaenda dukani pamoja. Muuzaji, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuwa na haraka. Aliwauliza nyumba iko upande gani wa mnara, mbele kuna nini, paa ni la bati au la vigae. Akawashushia antena fupi ya mviringo, akairudisha mwenyewe.

"Hii haiwafai. Mna ghala mbele. Chukueni hii ndefu ya vijiti, mwielekeze mnarani, na mlingoti uipandishe mpaka ichungulie juu ya ghala. Na nyaya za umeme ziko wapi?"

"Zinapita nyuma ya nyumba," Wembe alijibu.

"Basi fungeni mbele. Mlingoti ukianguka, popote utakapoangukia usiweze kuzifikia zile nyaya. Mmenielewa?"

"Tumeelewa, fundi," wakasema wote wawili, kwa ile sauti ya kumwitikia muuzaji ili aishe. Kisha Bomba akamtania kidogo kuhusu miwani yake, wakacheka, wakatoka na antena begani, imefungwa kwa kamba kama mgomba uliong'olewa.

Siku waliyoifunga ilikuwa Jumapili, kibanda kikiwa kimefungwa. Asubuhi manyunyu yalikuwa yamepita, bati lilikuwa bado na unyevu, na Bomba alivua viatu asiteleze. Walianza mbele, kama walivyoambiwa. Bomba alifunga mlingoti kwenye ncha ya paa, akageuza antena taratibu, huku Wembe akisimama chini ya dirisha la mama kupeleka habari.

"Mama, vipi?"

"Inasema tafadhali subiri."

"Na sasa?"

"Imekuja! Ah, imekatika. Huyu ni nani, ana nusu kichwa."

Waliihangaisha mpaka jua likapanda. Picha ilikuja ikaondoka, ikaja ikaganda. Mlingoti ulikuwa mfupi; ghala bado lilikuwa limeishinda antena. Bomba akashuka, akaenda kwake, akarudi na bomba la chuma lililosalia kwenye kazi yake moja, akaliunganisha na mlingoti kwa kiungio, likawa refu kuliko nyumba yenyewe. Mbele hapakuwa na mahali pa kulishikiza bomba la urefu huo. Kona ya nyuma ndiyo iliyokuwa na nguzo nene ya zamani, iliyowahi kubeba tangi la maji.

Wembe alitazama ile nguzo, akatazama nyaya zilizopita ng'ambo ya ukuta. Zilionekana ziko mbali. Mchana, juani, waya mwembamba dhidi ya anga hauonekani kama kitu cha kumdhuru mtu.

"Tuhamie nyuma," akasema.

"Wewe ndiye mkubwa," Bomba akajibu, akapanda.

Walisimamisha mlingoti, Bomba juu ya bati ameukumbatia, Wembe chini ameshika kitako cha mlingoti kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameegemea ngazi ya mbao. Kabla hawajakaza kitu, sauti ya mama ikatoka ndani, kubwa, ya furaha ambayo hawakuisikia tangu aanguke.

"Imekuja! Anaongea! Anaongea vizuri kabisa!"

"Hapo hapo?" Wembe alipaza sauti.

"Hapo hapo! Ngoja. Imeanza kukatika kidogo. Geuzeni tena, kidogo tu!"

"Kaka, shika vizuri, mkono umechoka," Bomba akasema, akaugeuza.

Ule mzigo wa juu ulivuta upande. Wembe aliuhisi mlingoti ukilegea kiganjani, ukiinama polepole, bila fujo, kama mtu anayesinzia. Hakupata hata muda wa kumwita mdogo wake. Alichokumbuka baadaye ni mwanga wa buluu, na mkono wake mwenyewe uliokataa kuachia, kisha ukuta wa jirani ukija kumpiga mgongoni.

Umeme ulikatika mtaa mzima. Redio zilinyamaza, mashine ya kusaga ikanyamaza. Katika ukimya huo sauti ya mama ikasikika tena kutoka dirishani.

"Imezima! Jamani, mmefanya nini huko? Mbona imezima?"

Aliendelea kuita, kwanza kwa kulaumu, halafu kwa majina yao ya utotoni, mpaka majirani walipofika mbio na mmoja akaingia ndani kumfungia dirisha.

Bomba alizikwa Wembe akiwa hospitali. Sandali za mpira na ngazi ya mbao vilimwokoa, ndivyo daktari alivyosema, kwa sauti ya kumpa pole na hongera kwa pamoja. Mkono wa kulia haukuokoka. Vidole viwili vilikatwa, na vilivyobaki vilikauka vikajikunja, havifunguki, havifungi. Alipoletwa nyumbani alimkuta mama kitandani pale pale, jirani akimhudumia. Televisheni ilikuwa imeungua, na mtu alikuwa ameshaitoa nje. Juu ya meza palibaki alama ya mraba isiyo na vumbi.

Hawakuitaja ile Jumapili. Wembe alijifunza kumgeuza mama kwa mkono mmoja na kiwiko, na mama alijifunza kujisukuma ili amrahisishie. Walizungumzia chumvi, dawa, jirani amekuja, jirani hakuja. Wembe alikuwa na hakika kwamba mama anamtazama kama muuaji wa mwanawe. Kila alipomwinamia kumnywesha uji, aliyakwepa macho yake.

Alifungua kibanda tena mara moja tu. Mteja wake wa zamani, mzee mmoja mstaafu, alikaa kitini kwa makusudi mbele ya watu, akasema, "Ninyoe." Wembe akashika mashine kwa mkono wa kushoto. Alimkata sikioni. Mzee alijifuta damu kwa kitambaa chake, akasema si kitu, damu si nyingi, akaaga vizuri. Wembe akafunga kibanda, akakabidhi funguo kwa mwenye eneo.

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

"Umefukuzwa?" Mama akauliza.

"Nimejifukuza."

Halafu Mama akasema, akiutazama ukuta wa ghala, "Ilikuwa imekuja. Picha ilikuwa nzuri. Ningenyamaza, mngeshuka mkala chakula. Mimi ndiye niliyesema geuzeni tena."

Wembe aligeuka, kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. Alikuwa amekonda, na midomo yake ilitetemeka kama ya mtoto anayesubiri kuchapwa.

"Mama, wewe ulikuwa kitandani. Mimi ndiye niliyesema tuhamie nyuma. Tuliambiwa dukani, nikaitikia, na nikasema tuhamie."

"Mngehamia, mngefunga, mngeshuka. Ni mimi."

"Si wewe."

"Usinibishie, mimi ni mama yako."

Wakabishana hivyo, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake lile kosa, mpaka sauti zikapanda na jirani akagonga kuuliza kuna nini. Alipoondoka, mama alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Basi tuko wawili," akasema.

Haikuwapunguzia kitu. Lakini tangu siku hiyo Wembe aliacha kuyakwepa macho yake.

Mjane wa Bomba ndiye ambaye hakuwa amefika tangu msiba. Alikuja asubuhi moja, amevaa vizuri, na Wembe akajua papo hapo kwamba amekuja kuaga. Anarudi kwao na watoto, alisema, kaka yake amempatia chumba. Alimsalimia mama, akakaa naye kidogo, kisha akamfuata Wembe uani. Hakuitazama ile kona.

"Shemeji, sikukuuliza pale msibani, hukuwepo. Nataka kujua kitu kimoja. Alisema nini mwisho?"

Wembe alikuwa amejiandaa kwa swali hilo muda wote aliokuwa hospitali. Alikuwa na maneno tayari: alimtaja yeye, aliwataja watoto. Maneno mazuri, yasingemgharimu kitu. Alifungua kinywa kuyasema, akayaona usoni pa shemeji yake macho ya mtu aliyekwishadanganywa sana na watu wema.

"Alisema, 'Kaka, shika vizuri, mkono umechoka.'"

Mwanamke alimkodolea. Kisha kitu kikampasuka kifuani, na Wembe akadhani ni kilio, kumbe kicheko, kicheko kibaya kilichomkunja mpaka akashika ukuta.

"Amechoka," alisema. "Mpaka huko. Siku ya harusi yetu alisema amechoka. Mtoto wa kwanza anazaliwa, ametoka kazini, ananiambia mimi, mimi niliye kitandani, kwamba amechoka." Kicheko kikageuka katikati ya neno, na akalia, amesimama, mikono imening'inia. Wembe alibaki amesimama mbele yake na mkono wake uliokunjamana, hajui auweke wapi.

Alipotulia, alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Na wewe ulishika vizuri?" akauliza.

"Nilishika. Sikuweza kuachia."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea kitu na hajaamua kama atakihifadhi au atakitupa. Hakusema amemsamehe. Aliomba maji ya kunawa uso, akanawa, akaondoka kuwahi basi.

Mama hakumaliza mwaka. Kifua kilimbana wakati wa baridi, na alikwenda mchana, Wembe akimfuta jasho, bila kusumbua mtu. Mazishini shemeji alikuja, akasimama na wanawake, akala, akarudi kwao siku hiyo hiyo.

Wembe siku hizi ni bawabu wa ghala lile lile. Anafungua lango kwa bega, malori yanaingia, anafunga kwa bega. Madereva wapya humwuliza mkono umefanya nini. Yeye huwajibu umeme, nao hutikisa kichwa, kisha wanauliza mzigo unashushwa wapi, naye anawaonyesha.