Nyumba Iliyokula Mkaa

Nyumba aliyonijengea mwanangu hapa Kasulu ina madirisha makubwa kuliko mlango wa nyumba nilikoolewa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu napenda kusema. Matofali ya kuchoma, bati la kijani, sakafu ya vigae vinavyong'aa hadi unaona pua yako. Nilipohamia, hakupita mtu barabarani nisimwite aone. Hata mama mmoja wa kwenda Nyakitonto, na ndizi zake kichwani, nilimwita. "Vua viatu kwanza," nikamwambia, "halafu ingia."

Silingi tu, ile dari ya kuziba chini ya bati, ndiyo haikuwekwa. Mwanangu ni dereva wa lori, akasema ataiweka safari zikitulia. Mimi sikujali. Nilikuwa nalala chali nikilitazama bati langu lote.

Mkamwana wangu akajifungua katikati ya kiangazi, miezi ile ambayo huku juu ukiongea asubuhi mdomo unatoa moshi. Mtoto wa kike, kichwa chake kinaenea kwenye kiganja changu. Kwetu mzazi hashiki maji baridi, hatoki nje ovyo, na joto halikati chumbani kwake. Kuna mtu wa kumlinda, na mambo yakiharibika, huyo ndiye anayesemwa kisimani. Safari hii mlinzi nilikuwa mimi. Mama yake mkamwana, ambaye mimi na yeye tunaitana bamwana kwa kuwa watoto wetu wameoana, alitaka binti yake akalelewe kwao Kibondo. Nikampigia simu. "Umpeleke huko kwenye upepo wa nini, bamwana? Huku kuna nyumba." Hilo neno nyumba nililivuta.

Basi nikawa nawasha jiko la mkaa chumbani, dirisha nimeliacha wazi kidogo, maana mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu usingizini. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Lakini nyumba ile! Ukikaa karibu na jiko, magoti yanaungua na mgongo unaganda. Gunia la mkaa lililokuwa likinivusha mwezi, sasa lilikuwa linaisha kabla sijasahau uso wa aliyelileta. Nikaamini yule kijana wa mkaa ananiwekea vumbi chini na majani katikati. Alipoleta jingine nikalimwaga lote uani mbele yake.

"Bibi, unatafuta nini humo?"

"Wizi wako."

Akachuchumaa akanisaidia kutafuta. Tulikuta mkaa mtupu, mweusi, mzuri. Akajifuta mikono akainua uso kutazama nyumba. "Mkaa ni uleule, bibi. Hili tumbo lako la matofali ndilo halishibi."

"Peleka mdomo wako huko!"

Akaondoka anacheka. Mimi nikabaki naokota mkaa, sina pa kuweka uso.

Bamwana akatokea bila kupiga simu. Nilikuwa napepea jiko mlangoni nikasikia, "Mwakeye!" na kabla sijaitikia vizuri ameshavua viatu, ameshaingia, ameshika nyayo za mtoto. Akazishika muda mrefu. Akanyoosha shingo akatazama juu kwenye bati, kule mbali.

"Bamwana," akasema polepole, "mjukuu wangu unamlaza sokoni?"

"Sokoni kuna vigae?"

"Vigae vinamfunika?"

Mkamwana wangu akainamisha kichwa. Alikuwa amevaa sweta la mume wake juu ya kitenge, na midomo imekauka. "Mama," akaniambia mimi, siyo mama yake, "usiku mwili unauma kwa baridi. Nilikuwa naona aibu kukuambia. Unavyoipenda nyumba yako."

Bamwana akafungua mkoba wake, akatoa kitenge kipya, kikubwa, cha rangi ya kutu. "Nimekuja nacho cha kumbebea. Kesho tunapanda gari la Kibondo. Baridi ikiisha nitakurudishia." Akakiweka kitandani kimekunjwa, kama mtu aliyemaliza maneno.

Nikatoka nikaenda kukaa kwenye nyumba ya zamani, ya udongo na nyasi, tunayoitumia kama jiko. Paa lake liko chini kiasi kwamba marehemu mume wangu aliingia ameinama maisha yake yote. Nilizaa humo watoto wote. Vijiti viwili vya kuni vilitutosha, mbuzi wakihema upande wa pili wa ukuta, na chini tulitandika nyasi kavu, mkeka juu yake. Nilipohamia kwenye vigae niliapa jani halitaingia kwangu tena, kama vile nyasi zilinikosea nini.

Bamwana akanifuata, akakaa kwenye kigoda. Akanyoosha mikono kwenye moto mdogo uliokuwa unachemsha maharage.

"Hapa pana joto," akasema.

"Paa liko karibu."

Tukatazamana. Sijui nani alinyanyuka kwanza.

Tulikata nyasi nyuma ya nyumba, vikongwe wawili tunagombea panga. Tukazitandika kwenye vigae vya chumba cha mzazi, tukaweka mikeka, tukaweka godoro. Kisha kamba: kutoka nondo za dirisha hili hadi za lile, na misumari ya ukutani ambayo mwanangu asingeniruhusu kuipigilia. Juu ya kamba tukalaza majamvi yangu ya kuanikia maharage, yamekung'utwa, kisha mashuka, kisha vitenge vyangu vyote, hata cha harusi. Jiko tukalitoa nje. Dumu la maji ya moto tukalifunga kwa kanga tukaliweka miguuni. Ikawa nyumba ndani ya nyumba, paa lake unaligusa kwa mkono.

Pembe moja tu ilibaki wazi, juu ya kichwa cha mtoto. Nilikuwa nimemaliza nguo. Nikasimama pale juu ya stuli nimeinua mikono, sina cha kuweka.

Bamwana akatazama ile pembe. Akatazama kitenge chake kilichokunjwa. Akanung'unika jambo kwa Kiha ambalo sitaliandika, akakikunjua, akanirushia.

"Funga vizuri. Kisiniangukie usingizini."

Tulilala humo wote. Asubuhi lori likaunguruma uani, mwanangu akaingia na viatu, akasimama mlangoni.

"Mama! Nyasi juu ya vigae?"

"Vigae vyako viko chini yake, havijakimbia. Vua viatu."

Akavua. Akainama kama baba yake, akaingia, akajilaza kando ya binti yake, akamshika nyayo. Mkamwana alikuwa amelivua sweta. Gari la Kibondo tulilisikia likipiga honi kule barabarani, likapita.

"Hilo gari lako," nikamwambia bamwana.

"Nitambeba na nini?" akasema, akavuta shuka.