Dumu la Maji ya Bahari

Maji ya bahari ambayo bibi yangu alikandia miguu msimu mzima wa kilimo yalitoka bombani kwetu, Chang'ombe ya Dodoma. Chumvi ilikuwa ya dukani, na niliitia mimi.

Kila Desemba baba alitupeleka Dar es Salaam kwa mdogo wake. Siku moja ya safari hiyo ilikuwa ya ufukweni. Sisi watu wa Dodoma tulijulikana kwa mbali: baba alikunja suruali hadi magotini na hakusogea zaidi ya hapo, mama alishika viatu vya wote, nami nilikimbia kila wimbi lilipokuja. Kabla ya kuondoka tulijaza dumu la lita tano. Bibi, aliyeishi kijijini Haneti, hakuwa ameiona bahari, ila aliamini maji yake yanapunguza uvimbe wa miguu. Majirani zake nao walisubiri.

Nilikuwa na miaka kumi mwaka niliokabidhiwa dumu. Ndani ya basi lilikaa kati ya miguu yangu. Mfuniko ulivuja, na viatu vyangu vipya, nilivyopania kuringia shuleni, vikaanza kuloa. Tulipofika Morogoro, mama aliposhuka kununua machungwa, nilimwaga maji yote nyuma ya basi. Nyumbani nikajaza mengine, nikatia chumvi, nikatikisa.

Kesho yake tulikuwa Haneti. Bibi alimimina kidogo kwenye beseni, akachungulia.

"Mjukuu wangu, mbona bahari ya mwaka huu haina mchanga?"

"Nilichota mbali, Bibi. Kwenye maji safi."

Jirani yake akaangua kicheko. "Mbali wapi wewe? Mtoto wa Chang'ombe kaogelea lini?"

Bibi alichovya kidole, akalamba. Ujana wake wote alikuwa akichuja udongo wa magadi na kuchemsha chumvi ya kuuza. Alinitazama, kisha akatazama viatu vyangu, vilivyokauka na alama nyeupe za chumvi.

"Mwache," akamwambia jirani. "Kasema mbali, basi ni mbali."

Akatumbukiza miguu. Jirani akapiga goti, akapokea kikombe kimoja kwa mikono miwili. Mwanawe alikuwa na upele kichwa kizima. Nilitoka nje.

Sikuuliza upele ule uliishaje. Nilikwenda Haneti mara nyingi baada ya hapo, na kila nilipomwona yule mama kisimani nilipita njia nyingine.

Wiki iliyopita Bibi alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza likizo yangu ni lini. Amesikia treni ya umeme inafika Dar es Salaam kwa saa chache, naye anataka kuiona bahari angali na macho.

"Unionyeshe na pale mbali ulipochota," akasema.

Hakucheka. Nimekata tiketi mbili za Jumamosi. Sijamwambia maji yale yalitoka wapi.