Picha ya Mashua Iliyopinduka

Nakumbuka siku moja ya upepo pale Nchelenge, kando ya ziwa, mwanangu, na hadi leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye duka la kompyuta karibu na soko la samaki. Mwenye duka alikuwa Papa Kalenga, Mkongo mwenzetu. Mwenzangu pale mezani aliitwa Esperansi, msichana mcheshi, mwepesi wa vidole kuliko mimi.

Asubuhi hiyo tulisikia kuwa mashua ya wachuuzi kutoka kisiwa cha Chisenga imechelewa. Imechelewa tu! Esperansi akaokota mtandaoni picha ya mashua iliyopinduka, sijui ya nchi gani, akaandika chini yake, "Mashua ya Chisenga, hakuna aliyepona," akaisambaza kwenye makundi ya simu. Alitaka awe wa kwanza kutoa habari, basi.

Unajua desturi yetu huku ziwani. Mtu akizama, ndugu zake hawangoji nyumbani; wanaingia majini kumtafuta. Mzee Ilunga, ambaye mwanawe alikuwa kwenye mashua ile, aliiona picha, akachukua mtumbwi na kuondoka na upepo ule ule. Mkewe, Mama Feza, akaketi chini kulia.

Jioni mashua ikafika salama. Injini ilikuwa imewasumbua, wakangoja kwenye kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani. Kijana wa Mzee Ilunga akaingia kwao na samaki wake begani, akakuta watu wanamlilia. Wanawake walipiga kelele, wengine wakakimbia. Nilitaka kucheka kwa furaha, nikashindwa, kwa sababu baba yake alikuwa bado majini. Wavuvi walimleta kesho yake, amekufa.

Papa Kalenga alizima kompyuta. Hakupandisha sauti.

"Ile foto ulitoa wapi?"

"Ku internet, papa. Nilizania ni yao."

"Wende kwa ule mama. Umwambie na kinywa yako, hapana na simu."

Nilimsindikiza. Esperansi alipiga magoti, akasema yote. Mama Feza alimtazama sana.

"Mutoto yangu, nyumba yetu iko hapa nyuma ya duka. Ungekuya kuniambia na kinywa, ningekuuliza: nani aliona?"

Basi nakusihi, mwanangu, kabla hujabonyeza, jiulize swali hilo la mama yule. Usipojua nani aliona, acha. Esperansi aliifuta picha siku ile ile aliyopiga magoti, lakini Mama Feza ni mjane mpaka leo. Mungu akupe vidole vyenye subira, na habari utakazotuma zisimtoe mzazi yeyote nyumbani kwake bure. Amina.