Gundi Alivyoikimbia Karakana

Kazini wanamwita Gundi, na msimuulize kwa nini akiwa na chakula mdomoni. Wiki yake ya kwanza kwenye kiwanda cha fanicha, mhasibu huyu alikwenda karakana kuuliza mafundi wanatumia saa ngapi kutengeneza mashine za kila idara. Akakaribishwa benchi. Benchi lenyewe lilikuwa limetoka kupakwa gundi ya mbao. Alipoinuka, yeye alikuja, kipande cha suruali kikabaki. Siku hizi hata meneja anamwita Gundi.

Basi karakana akaipa mgongo. Tatizo, karakana haiuzi kitu. Inazihudumia tu idara zinazozalisha, kwa hiyo gharama zake lazima zigawiwe idara hizo. Mgao wa haki unafuata saa za mafundi, na saa hizo ziko karakana, kwa wale wale wacheshi. Gundi akaona ya nini yote hayo. Akapima sakafu ya kila idara. Idara yenye eneo kubwa ibebe gharama kubwa. Mita za mraba hazimcheki mtu.

Sasa eneo kubwa kuliko yote ni la idara ya kupaka vanishi, maana meza na vitanda lazima vipate pa kukaukia. Mashine zao? Brashi. Brashi na matambara. Huku misumeno ya idara ya kukata, iliyobanana kwenye kijichumba, inaharibika kila kukicha na mafundi wanashinda huko.

Kwenye ripoti, vanishi ikaonekana inatia hasara tupu. Meneja akasema ifungwe, kazi wapewe watu wa nje. Vibarua wake wawili wakaondolewa kwanza.

Na msimamizi wa vanishi ni mama mdogo wake Gundi, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Jioni alimkuta jikoni analoweka brashi zilizoisha manyoya.

"Mama mdogo, hizo si za kutupa?"

"Mwanangu, tunaambiwa tunatia hasara. Hata msasa mpya niliwanyima vijana, nikawagombeza. Labda tunamwaga vanishi ovyo, sijui. Wewe uliyesoma, umeona tunakosea wapi?"

Gundi akasema hajui.

Asubuhi, mkoba ungali begani, akaingia karakana.

"Gundi, karibu benchi," fundi mkuu akamwambia.

"Cheka, kaka, cheka umalize. Halafu uniambie vanishi mlikwenda lini mara ya mwisho."

"Vanishi?" Fundi akakuna kichwa. "Tuliwafungia feni. Mwaka jana hiyo."

Gundi akaandika saa za kila idara, akagawa upya, safari hii kwa saa. Vanishi ikatoka na faida, kukata ikabaki inashangaa. Meneja akamtazama.

"Yaani ulipima sakafu kwa sababu ya suruali?"

"Ndiyo, bosi."

Vanishi haikufungwa. Kuwarudisha wale vibarua wawili, meneja akasema, kwa sasa hapana.

Gundi alimweleza mama mdogo yote. Mama akafuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Kumbe niliwagombeza watoto wa watu bure. Kesho utakwenda mwenyewe kwa wale wawili walioondolewa, uwaambie hawakukosea kitu."

Alikwenda. Mmoja akampa kiti. Wa pili alimsikiliza kashika mlango, akasema, "Nimesikia," akaufunga.

Haya, na nyie semeni: nani alibeba mzigo kwa sababu wewe ulikwepa kuchekwa? Andikeni hapo chini. Jina la utani nalo lisisahaulike, tutacheka kwa adabu.