Mashine Mbili na Mbegu ya Mama

Nakumbuka asubuhi moja hapa Ifakara, miaka ya tisini inaelekea ukingoni, nimesimama dukani kwa Mzee Salumu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nina kibanda pale Kibaoni na televisheni moja, nataka kuanza biashara ya gemu. Mezani palikuwa na mashine mbili. Ya kaseti, shilingi elfu thelathini na tano. Ya CD, tena iliyokwisha tumika, elfu themanini.

Mfukoni nilikuwa na fedha ya ile ya kaseti tu.

“Anza na hii, binti,” Mzee Salumu alinishauri. “Ikikulipa, urudi uchukue kubwa.”

“Jirani yangu anayo ya kaseti tayari. Nani atakuja kwangu?”

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi nilichagua wiki nzima, hata usingizi ukanikimbia.

Mwanangu, Mama alikuwa Mahenge msibani. Ghalani tulikuwa na magunia manne ya mbegu ya mpunga. Niliyauza siku ambayo Mzee Kasiani, kibarua wetu aliyeishi chumba cha kando ya ghala, alikuwa shambani, nikaongezea fedha yangu, nikainunua ile ya CD. Nikajiambia, kabla ya mvua nitakuwa nimerudisha.

Vijana walijaa kibandani siku nne. Ya tano umeme ukakatika, na haukurudi. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nilitazama milima ya Udzungwa. Wingu likitanda, nahesabu siku zilizobaki. Mama akarudi. Akianza kutafuta ufunguo wa ghala, mimi nampa kazi nyingine.

Mvua ya kwanza ilipopiga bati nilikimbia kwa Mzee Salumu. Kwa huruma yake akaichukua ya CD, akanipa ya kaseti na fedha iliyobaki. Nikapanda lori hadi Sanje kwa shangazi, nikanunua mbegu. Niliporudi alasiri, Mama alikuwa amesimama uani, ghala wazi.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema. “Kasiani katuibia mbegu. Nimemfukuza, majirani wote wameona.”

Ningeweza kunyamaza, mwanangu. Ningesema mbegu nimeomba kwa shangazi, na Mama angenishukuru. Sikufichi, niliwaza hivyo kwa muda wa kunywa kikombe cha maji.

“Mama, ni mimi.”

Hakunipiga. Alijifunga kanga yake upya, akasema, “Twende.”

Tulimkuta Mzee Kasiani stesheni, amekalia furushi lake.

“Shikamoo, Mzee.”

Akageuza uso kuangalia reli. Nikapiga magoti, nikaeleza yote. Mama naye akamwomba radhi.

“Nimesikia,” alisema mwishowe. “Lakini jina langu halikuchafuliwa hapa stesheni.”

Alisema kweli. Tukarudi naye, nikapita mlango kwa mlango kwa wale majirani, nikisema mwizi ni mimi. Yeye alisimama nyuma yangu akisikiliza. Mlango wa mwisho ulipofungwa aliinua furushi lake, akatuaga kwa heshima. Kesho yake alipanda treni ya kwenda Chita. Mama alimtumia salamu miaka mingi. Alizijibu, lakini kwetu hakurudi tena.

Sasa wewe umenionyesha kwenye simu mashine zako mbili, unauliza ipi inafaa. Linganisha bei, si dhambi. Ila jiulize fedha utakayolipia ni ya nani, na kama unaogopa kumwambia mwenyewe, usiiguse. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema siku ileile, kabla kosa lako halijamwangukia mwingine. Mficha uchi hazai. Mimi nilichelewa siku chache tu, na mtu mwema akafukuzwa kama mbwa.

Mungu akujalie ujasiri wa kukiri mapema, mwanangu. Akupe riziki ya jasho lako, na asiwepo mtu atakayelia kwa sababu yako.