Gitaa la Mbao za Mtumbwi

Tarehe 19 Aprili 1983, siku ya Jumanne, nilimpoteza kaka yangu pamoja na gitaa lake. Mtumbwi alioondoka nao niliujenga mwenyewe. Huo ulirudi. Ulikuja umepinduka, mawimbi yakausukuma mpaka kwenye mawe ya huku kwetu Kibara.

Mimi ni fundi wa mitumbwi. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitasema mambo kama yalivyokwenda.

Kaka alikuwa akipiga gitaa katika bendi moja ya Musoma. Gitaa lake lilikuwa la umeme, jekundu, na lilikuwa limeletwa kwa maji kutoka Kenya bila karatasi yoyote. Zamani hilo halikumshtua mtu, hata sabuni ilikuwa ikija hivyo hivyo. Ndipo msako wa wahujumu uchumi ukaanza. Watu walikamatwa kwa doti za khanga, kwa betri za tochi, kwa kitu chochote ambacho hawakuweza kueleza wamekipata wapi. Kaka akaja nyumbani na gitaa limeviringishwa kwenye shuka, tukalificha chini ya kitanda changu karakanani.

Siku tatu hatukula vizuri. Gari likinguruma kwenye barabara ya Bunda, tunatazamana. Mbwa akibweka, kaka anasimama. Siku ya nne nikashindwa.

"Litoe hapa," nikamwambia. "Kalitupe ziwani. Wakilikuta kwangu nitasema ni la nani?"

Hakubisha. Aliniuliza tu, "Saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Watu watakuwa wamelala."

Saa nane wavuvi wetu wanalala kwa sababu hiyo ndiyo saa ya upepo. Nililijua hilo, na kaka alilijua. Lakini siku ile tuliwaogopa watu kuliko tulivyouogopa upepo.

Tulimpata siku ya tatu, upande wa Kisorya. Kwenye kiganja chake cha kulia kulikuwa na kipande cha kamba ya katani kilichojizungusha. Mama alikifungua mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaenda nacho jikoni akakitia motoni. Nilidhani ni uchungu tu. Watu walipouliza marehemu alikuwa anakwenda wapi saa ile, nilisema sijui. Mama naye akasema hajui. Tuliishi na neno hilo miaka mitano, tukila sahani moja.

Kwetu, mtumbwi uliomwacha mtu majini haurudishwi ziwani, na mbao zake hazipikiwi. Unavutwa nchi kavu, unaachwa uoze wenyewe. Wazee waliuvuta ule mpaka nyuma ya karakana yangu, nami nikawa nafanya kazi nikiupa mgongo. Hadi mwaka 1988 ulikuwa haujaoza. Nilikuwa nimeujenga vizuri mno.

Mwaka huo nilikwenda Musoma kununua misumari. Madukani sabuni ilikuwa imepangwa mpaka juu, na nguo za mitumba zilikuwa zimejaa njiani. Kwenye duka moja, mlangoni kabisa, lilining'inia gitaa jekundu la umeme. Askari wawili walikuwa wanapita. Mmoja alisimama, akagusa uzi mmoja kwa kidole, ukalia, akacheka na mwenzake, wakaenda zao.

Basi. Kaka yangu alikufa kwa kitu ambacho sasa askari anakichezea njiani.

Nilinunua seti moja ya nyuzi za gitaa. Nikaomba risiti.

"Ya nini, mzee?" mwenye duka akaniuliza. "Siku hizi nani anaulizia risiti?"

"Niandikie tu."

Aliandika huku akicheka. Nilipanda basi la kurudi nikiwa nimeishika mfukoni, na kwenye kizuizi cha barabarani niliitoa kabla hata sijaulizwa. Hakuna aliyeitaka.

Nilikuwa nimejiwekea jambo moja: nikitengeneza gitaa jingine nitakwenda nalo kwa mama, nimwambie kwamba aliyemtuma kaka ziwani ni mimi. Mikono mitupu nilishajaribu mara nyingi, nikaishia kuomba maji ya kunywa.

Nikageukia mtumbwi. Fundi huugonga ubao kwa vifundo vya vidole ili asikie uozo uko wapi. Niligonga ubao kwa ubao, jasho likinitoka kama mwizi, na mbao mbili za ubavuni zikajibu vizuri. Nikazing'oa. Sikumwambia mtu. Shingo nilichonga kwa mninga niliopata kwa mpasua mbao wa Butiama. Kiwiliwili nilikijenga kama ninavyojua kujenga: nikaunganisha zile mbao kwa misumari ya mitumbwi, kwenye matundu yake ya zamani, na nyufa nikaziziba kwa pamba na lami.

Nililipeleka Bunda kwa fundi redio, mtu mcheshi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliligeuza, akalinusa.

"Fundi, hili ni gitaa au ni la kuvulia?"

"Ni gitaa."

"Haya. Likikataa kulia, litaelea."

Lakini alifanya kazi yake kwa heshima. Sumaku alizitoa kwenye spika zilizokufa. Waya mwembamba kama unywele aliuzungusha kwa cherehani ya mke wake, pale pa kujazia uzi wa kibobini, asubuhi nzima, mkewe akisimama nyuma yake akiuliza gauni za wateja zitashonwa lini. Hicho kikawa kinasa sauti, akakiweka chini ya nyuzi. Kisha akaunga gitaa kwenye spika kubwa ya dukani, akanipa nilishike, akafungua umeme.

Sikuwa nimegusa hata uzi mmoja. Gitaa likalia lenyewe. Lilianza chini, likapanda, likawa ukelele mrefu wa mtu anayeita kutoka mbali juu ya maji. Nililitupa. Nilijikuta nje, barabarani, mikono kichwani, watu wananitazama.

Fundi alitoka akanifuata, safari hii hakucheka. "Rudi, ndugu yangu. Umetia misumari?"

"Ndiyo."

"Mingapi?"

"Kama ya mtumbwi."

Akanionyesha. Misumari ilikuwa imelegea kwenye yale matundu ya zamani, na kila ubao ulipotikiswa na mlio wa spika, ilicheza karibu na sumaku, kinasa sauti kikaichukua. "Hiki hakijui kuchagua," alisema. "Chuma kikitetemeka karibu yake, kinakisema. Ng'oa yote. Tumia gundi kama wanavyofanya wenzako."

Niliing'oa mmoja mmoja, pale pale kwenye benchi lake. Mingine ilikuwa na alama ya nyundo yangu ya zamani, ile iliyokuwa imepasuka ukingo. Tuliweka gundi, tukabana, nikalala siku mbili kwa jamaa pale Bunda. Alipofungua umeme tena, nilikuwa nimesimama mlangoni. Spika ilikoroma kidogo, basi. Akapiga uzi mnene. Sauti ilitoka nzito, yenye unyevu, ikachelewa kuisha. Niliijua. Ni ile ile iliyonijibu nilipogonga ubao, ila sasa ilikuwa kubwa.

Nyumbani niliunga gitaa kwenye redio kwa betri ya gari, kama fundi alivyonielekeza. Mama alikuwa uani anapembua mtama. Sijui kupiga. Nilipiga nyuzi sita, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kwenda chini.

Mama aliacha ungo. Alikuja akaweka kiganja juu ya gitaa, nyuzi zikanyamaza. Akapapasa ubao mpaka kwenye tundu la msumari lililozibwa.

"Huu ni wa mtumbwi ule."

"Ndiyo, mama."

"Hukuogopa?"

"Naogopa mpaka sasa." Kisha nikasema, kwa sababu kama ningenyamaza tena nisingesema kamwe: "Mama, mimi ndiye niliyemwambia akalitupe. Saa nane nilimtajia mimi."

Hakuondoa kiganja. Redio ilikuwa ikikoroma.

"Alinipitia," akasema. "Alikuwa anatafuta kitu cha kufungia jiwe kwenye gitaa, lizame. Kuna kamba nilikuwaga nafungia ndama. Nikamfungulia, nikampa. Nikamwambia akaze mafundo."

Nilitaka kumwambia kwamba kamba haikumzamisha. Sikulijua hilo, kwa hiyo sikulisema.

Upande wa ziwa kulikuwa kumeanza kuwa kweusi, na dagaa walikuwa bado wameanikwa kwenye mawe. Mama alijifunga khanga kiunoni akaenda kuwaanua. Nilichomoa waya kwenye betri, nikachukua kapu la pili, nikamfuata.